Uso Alioukana Benedikto

Benedikto ndiye aliyechonga uso ule. Aliuchonga kwa tezo yake, mchana kweupe, ameketi kwenye kizingiti cha mlango wake pale Keko, watoto wake watatu wamemzunguka. Kisha alipoulizwa mbele ya watu ni nani kauchonga, akasema hajui. Kwa neno hilo moja mkewe, Filomena, akanyang'anywa watoto wawili. Kosa lenyewe ni hilo. Liwekwe hapa juu lilivyo, kabla hawajafika wale wanaopenda kusema kwamba kila jambo lina pande mbili.

Filomena alifika Dar es Salaam si muda mrefu baada ya Uhuru, akitokea Newala, amemfuata mumewe aliyetangulia kutafuta kazi. Wakati ule Benedikto alikuwa mtu wa vituko. Aliweza kutembea kutoka Keko mpaka Temeke akimwigiza kila anayepishana naye: mwendo wa karani mwenye viatu vipya, mwendo wa mlevi anayejifanya hajalewa, mwendo wa bibi mwenye goti bovu. Filomena alimfuata nyuma akicheka mpaka anakaa chini njiani. Ndicho alichompendea. Tezo kila Mmakonde alikuwa nayo.

Wakaja watoto, Gregori, kisha Sesilia, kisha Adelina. Ikaja na kazi. Mchana Benedikto alipiga randa vitanda na makabati kandokando ya barabara pamoja na mafundi wenzake, jioni akachonga mpingo kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyewauzia wageni. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa chama. Jumapili, wakitoka misani, kulikuwa na mgambo, au kuchimba msingi wa zahanati kwa kujitolea. Hakuna aliyesema kazi hizo ni mbaya. Nchi ilikuwa inajengwa, na Filomena mwenyewe alibeba mawe ya zahanati ile kichwani. Lakini nyumbani kwake hakukuwa tena na mtu aliyemtazama mwenzake usoni. Yeye aliamka gizani kuchoma vitumbua, akatoka kwenda foleni ya unga, akatoka kwenye unga kwenda foleni ya maji, na alasiri akaenda kwenye kisomo cha watu wazima, ambako alilala juu ya dawati kabla mwalimu hajafika kwenye herufi ya pili. Hakuwahi kukaa darasani utotoni, na ukubwani alikaa akiwa amesinzia.

Watoto nao wakirudi shule walikuwa na kazi yao. Vinyago vya mpingo vikishachongwa vinataka kupigwa msasa mpaka viteleze, halafu vipakwe dawa ya viatu ving'ae. Gregori alipiga msasa, Sesilia alipaka dawa, Adelina, mdogo kuliko wote, alisugua kwa kitambaa. Vidole vyao vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, hata padri alipowapa mkono aliutazama wake baadaye.

Jumapili moja mgambo uliahirishwa kwa sababu ya mvua. Mvua ikakatika, jua likatoka, na nyumba nzima ikajikuta haina pa kwenda. Filomena akafurahi. Akawaambia wanawe:

"Haya, leo siku yenu. Mnataka tufanye nini?"

Gregori akafikiri. "Kulala."

"Na wewe, Sesilia?"

"Mie vilevile."

Adelina akamtazama kaka yake, akamtazama dada yake, naye akasema, "Kulala, mama."

Hasira zikampanda Filomena mpaka masikio yakawaka. Hakuwakasirikia watoto. Mtoto wa miaka kumi na moja anaomba kulala kama kuli wa bandarini! Alikumbuka utoto wake Newala. Kulikuwa na njaa, maji yalikuwa mbali, lakini hakuna siku aliyoombwa aseme anataka nini akakosa la kusema. Alitaka kupanda, alitaka kuteleza, alitaka kujua ule mto unakwenda wapi. Akavua ndala yake ya kushoto.

"Simameni," akasema. "Tunatoka."

"Tunakwenda wapi?" akauliza Sesilia.

"Sijui. Ndala ndiyo inajua."

Walipofika njia panda ya kwanza akampa Adelina ile ndala, akamwambia airushe juu kwa nguvu zake zote. Ikaanguka kisigino kikielekea Temeke, ncha ikielekea Mtoni. Basi wakashika njia ya Mtoni. Kila njia panda waliirusha. Mara moja iliwaingiza uani kwa watu waliokuwa wanafua, wakaomba radhi na kupita katikati ya kamba za nguo. Mara nyingine iliwarudisha walikotoka, Gregori akasema ndala hii nayo imechoka, inataka kulala, na hapo Filomena alisikia kitu alichokuwa hajakisikia kwa muda mrefu, watoto wake wakicheka wote kwa pamoja. Mwishowe wakatokea kwenye mikoko, wakafukuza kaa kwenye tope mpaka magotini. Kaa akamng'ang'ania Sesilia kidole cha mguu. Akalia, akacheka, akalia tena. Walirudi nyumbani na ndala moja, maana ile nyingine tope liliimeza, na vidole vyao, kwa mara ya kwanza mwaka ule, vilikuwa vichafu kwa kitu kingine.

Benedikto alikuwa amesimama mlangoni.

"Mmetoka wapi na hali hii? Mzigo wa watu kesho unatakiwa. Nani anapiga msasa?"

"Vinyago haviongezeki urefu, Baba Gregori," Filomena akamjibu. "Watoto wanaongezeka. Ukigeuka utakuta wamekwisha kuwa watu wazima, na kinyago bado kiko palepale kinakungoja."

Benedikto akasonya, akaingia ndani. Lakini Filomena hakuacha. Alijua kwamba nyumba ikishasahau kucheka haifundishwi kwa siku moja, kama yeye na ile herufi ya pili. Alitengeneza siku ya mgeni, ambapo mtoto mmoja anabisha hodi kwenye nyumba yao wenyewe, anakaribishwa, anatoa habari za nchi anakotoka, nchi ambayo haipo. Alitengeneza chakula cha gizani, ambapo wanakula wamefumba macho na kukisia nani ameiba kipande cha muhogo cha nani. Haya yote aliyafanya akiwa amechoka hoi. Hakuwa na muda zaidi ya mwanamke yeyote wa Keko. Aliuiba pale pale kwenye foleni, kwenye kupepeta, kwenye njia ya bomba. Wakibeba maji, ndoo zilikuwa watoto wachanga wa mfalme, na atakayemwaga tone ni msaliti.

Halafu wakatengeneza siku ya kinyume, ambapo watoto ni wazazi na wazazi ni watoto. Adelina akajichagulia kuwa baba. Akavaa shati la Benedikto lililomfika kwenye vifundo, akaingia mlangoni kwa mwendo mzito, akajitupa kwenye kiti.

"Chakula kiko wapi?" akanguruma. "Nimechoka. Msiniguse. Nani kagusa tezo yangu? Ondokeni hapa, nina mkutano."

Sesilia na Gregori wakaanguka kwa kicheko. Benedikto mwenyewe, aliyekuwa pembeni ananoa patasi, akacheka kwanza. Kisha akaiweka patasi chini. Alimtazama yule mtoto aliyekuwa amemwigiza vizuri kuliko yeye alivyowahi kumwigiza mtu yeyote, na uso ukamshuka.

"Ndivyo nilivyo?" akamwuliza mkewe.

"Bado hajafika kwenye kukoroma kwenyewe," Filomena akasema.

Jumapili iliyofuata Benedikto hakwenda kuchimba msingi. Alitoka na gogo la msufi, mti mwepesi, akakaa kizingitini na kuanza kulikata. Watoto wakamzunguka. Jirani yao Hamdiya, mke wa mwenye duka pale kona, mwanamke wa Kiarabu mwenye maneno yaliyonyooka kama rula, akapita na birika lake la kahawa, akasimama.

"Baba Gregori, leo unachonga nini tena? Kitanda cha kuku?"

"Kichwa cha bibi yao," akasema Benedikto, "bibi yao aliyekufa akicheka."

Na kweli kilitoka kichwa cha bibi, cha kuvaliwa kama kofia mpaka shingoni, kina ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, mashavu yamevimba kwa kicheko. Kilikuwa kizuri. Filomena alipokiona akarudi hatua nyuma, kwa sababu alikijua. Kule kwao lipiko, mchezaji anayevaa uso wa mti, hutoka siku za jando, na wanawake huambiwa si mtu, ni mzimu aliyefufuka. Kila mwanamke mtu mzima anajua kuwa ni mtu. Ameshatambua miguu ya mumewe, au kovu la shemeji yake. Hata hivyo hukimbia na kupiga kelele kama hajui, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuwaheshimu wanaume, kwa kujifanya mjinga. Kukigusa kichwa kile hakuruhusiwi. Kukivaa ndiyo kabisa, hakuna hata neno lake.

"Hili si jambo la wanaume?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Huko Newala," Benedikto akasema. "Hapa Keko. Huu haujatoka porini na wazee, haukupewa jina, ni mti tu. Mie ndiye niliyeuchonga na mie ndiye ninayesema. Wachezeshe watoto wako, mama. Wewe ndiye unayejua kucheza humu ndani, mie nimeshasahau."

Maneno hayo aliyasema. Hamdiya aliyasikia, na birika lake mkononi. Watoto waliyasikia.

Kwa hiyo Filomena akacheza. Walijaribu mara ya kwanza wakiwa peke yao, mara ya pili na watoto wa jirani, na mara ya tatu uani pakajaa. Gregori alipiga debe. Sesilia aliimba wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu bibi aliyepanga foleni ya unga mpaka akaota meno upya. Filomena alijifunga magunia mwili mzima na vizibo vya soda miguuni, akavaa kile kichwa, akawa anaona kupitia mdomo wa yule bibi, na akacheza. Alimcheza karani, alimcheza mlevi, alimcheza bibi mwenye goti bovu. Benedikto alisimama nyuma ya umati na machozi ya kucheka yalimtoka. Kwa muda ule mfupi nyumba yao ilikuwa imerudi kuwa nyumba.

Sasa, Filomena alikuwa na kaka mkubwa, Romani, aliyebaki kusini. Alikuwa mjumbe katika kijiji cha ujamaa, mtu wa kunyoosha kidole, na alikuwa zaidi ya kaka. Kwa ukoo wao watoto ni wa upande wa mama. Ukisikia hivyo haraka utadhani mama ana nguvu. Hana. Mwenye nguvu ni kaka yake. Mjomba ndiye anayesema mtoto atahiriwe lini, aolewe na nani, akae wapi. Romani hakuwahi kulea homa hata moja ya watoto wale, lakini walikuwa wake.

Siku ile uani palipojaa alikuja bila taarifa. Alishuka kwenye basi la Lindi na vumbi la njia nzima, kikapu cha korosho mkononi, macho yake yameanza kuingia ukungu. Alipokaribia nyumba ya dada yake akasikia ngoma, akaona umati, akaona lipiko anacheza. Hakujua kama Keko kuna mtu wa kumwuliza lipiko huyu ametoka wapi. Alifanya alichofundishwa tangu jando lake. Alivua kofia. Akapasua umati, akainama mbele ya lile lipiko mpaka paji la uso likakaribia magoti, akatoa tumbaku yake mfukoni na kuiweka chini kwa mikono miwili.

"Mzee wetu," akasema, "umetufuata hata huku mbali. Tumshukuru nani? Tulinde, mzee wetu. Sie wanao tumepotea miji ya watu."

Debe likanyamaza. Ndani ya kile kichwa Filomena alimtambua kaka yake, akaganda. Labda yote yangepita. Angerudi kinyumenyume mpaka ndani, akavua, akatoka na khanga na kusema shikamoo kaka. Lakini Adelina alikuwa na miaka sita, na mtoto wa miaka sita akiona kichekesho hakimezi.

"Mjomba anamsujudia mama!" akapiga kelele. "Mama, mjomba amekupa tumbaku!"

Uani pote pakalipuka. Watu walijishika mbavu. Hamdiya aliinamia birika lake. Romani alinyanyuka polepole, akaenda mpaka kwa lipiko, akatega sikio karibu, akasikia pumzi ya mwanamke. Akalivua kichwa kwa mikono yake. Akamwona dada yake, jasho linamtiririka, hajui acheke au alie.

Mtu anayejichekea mwenyewe husamehe. Romani hakuwahi kujichekea hata siku moja. Aliokota tumbaku yake chembe kwa chembe, watu wakimtazama, na kadiri alivyoinama ndivyo hasira yake ilivyosimama.

Jioni ile ile, jua bado liko juu ya mapaa, aliitisha kikao palepale uani. Alimwita mchongaji mkubwa wa Keko, mzee Fransis, aliyemfundisha Benedikto kazi. Filomena alikalishwa kwenye mkeka kama mshtakiwa. Watoto waliambiwa waingie ndani, wakachungulia dirishani.

"Nataka kujua jambo moja," akasema Romani, kile kichwa kimekaa mapajani mwake. "Nani kachonga uso huu?"

Ieleweke swali lile lilibeba nini. Kama mwanamume aliyepita jando ndiye kachonga na kumpa mkewe, kosa ni la mwanamume. Atatozwa mbuzi, atatukanwa na wenzake msimu mmoja, atataniwa vilabuni, basi. Lakini kama mwanamke ameupata mwenyewe, ameiba siri au ameichezea, huyo si mtu wa kuachiwa watoto wa ukoo. Kila aliyekuwa pale alilijua hilo. Benedikto alilijua kuliko wote.

Akatazama mikono yake.

"Shemeji, mie nashinda kazini," akasema. "Nikirudi nakuta mambo. Sijui umetoka wapi."

Filomena alidhani amesikia vibaya.

"Baba Gregori?"

Benedikto hakuinua kichwa.

"Benedikto! Umekaa hapo, hapo kizingitini! Vipande vya msufi nilivikokea moto mie mwenyewe! Ukasema ni mti tu. Sema tena sasa. Sema, mbona ulikuwa unajua kusema?"

"Mwanamke hasemi kwenye kikao cha mambo haya," akasema Romani.

"Basi nitasema mie, sina kikao!" Ilikuwa sauti ya Hamdiya kutoka kwenye ua wa makuti. "Nilimwona kwa macho yangu mawili. Nikamwuliza unachonga nini, akanijibu kichwa cha bibi yao. Baba Gregori, Mungu anakuona!"

"Bibie," akasema mzee Fransis, "haya ni mambo ya kwetu. Wewe pima sukari."

"Napima, na ninyi pimeni haki! Au huku kwenu vinyago vinajichonga vyenyewe? Basi fungeni karakana mkalale!"

Mzee Fransis akampa mgongo. Alikichukua kile kichwa, akakigeuza, akapitisha kidole gumba ndani mahali tezo ilipopita. Huyu ndiye aliyemshika Benedikto mkono alipokuwa hajui kupiga tezo. Mwalimu haukosei mkono wa mwanafunzi wake, kama mama asivyokikosea kilio cha mwanawe. Filomena alimwona ametambua. Aliona jicho lake likienda kwa Benedikto na kurudi. Kisha mzee akakirudisha kile kichwa kwa Romani, akasafisha koo.

"Ni kazi ya mtu," akasema. "Siwezi kusema ya nani."

Ndivyo wanaume watatu walivyositiriana. Romani alihitaji mtu wa kubeba aibu yake, Benedikto alimtoa mkewe, na mzee akafunga mlango. Hakuna aliyeuliza kama watoto wamekuwa na furaha. Hakuna aliyeuliza nani aliwafanya wacheke. Romani akasema Gregori na Sesilia wataondoka naye, wakalelewe mahali penye adabu na mashamba. Adelina atabaki kwa sababu bado mdogo, na kwa sababu, alisema, alikwishaharibika ulimi.

Kile kichwa alikichoma moto palepale. Msufi unawaka haraka.

Filomena alimpigia mumewe magoti usiku na mchana mpaka siku ya safari. Hakumwomba apigane. Alimwomba aseme ukweli tu. "Mbuzi nitamtafuta mie," alimwambia. "Nitachoma vitumbua mpaka mikono iungue, nitamlipa mbuzi wao. Wewe sema tu." Benedikto alijibu kwamba mambo yatapoa, kwamba watoto watarudi wakati wa korosho ukiisha, kwamba yeye ni fundi, ana jina, na mafundi wakimcheka nani atampa kazi? Siku ya basi Sesilia alimshika mama yake khanga mpaka ikachanika upindo. Gregori hakulia. Aliuliza tu, "Mama, na huko kuna kulala?"

Walisema msimu mmoja. Msimu ukaisha. Filomena alisafiri kwenda kuwafuata, Rufiji imefurika, akalala kwenye lori, akafika kijijini na kuambiwa na Romani kwamba watoto wameandikwa shule ya huko na wana shamba lao, na mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake hawezi kumfundisha yeye faida ya mtoto. Aliwaona kwa mbali wakirudi shambani na majembe, wamenyooka kwenye mstari. Waliruhusiwa kumwamkia. Sesilia alimwambia shikamoo, akabaki amesimama, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu mkuu.

Watu wa Keko walidhani ataacha michezo yake. Hakuacha. Alirudi na hasira iliyomjaa mpaka kwenye nyayo, na alicheza nayo. Kila Jumapili alitoka na Adelina na watoto wa mtaa mzima, wa Hamdiya wakiwemo, akarusha ndala na kwenda ilikosema. Walifika Kurasini wakaangalia meli, walipanda treni mpaka Pugu bila kujua watarudi na nini, walipotea Gongo la Mboto wakalala kwa Mkatoliki mmoja asiyewajua. Wanawake walisema Mama Gregori amechanganyikiwa. Yeye aliwaambia, "Nimelipia mchezo huu kwa watoto wawili. Sasa mnataka niuache? Nitacheza mpaka wale waliowachukua wachoke kunisikia." Benedikto hakwenda nao hata mara moja. Hakumwigiza mtu tena mwendo.

Sesilia alirudi akiwa msichana mkubwa, amekwisha chumbiwa na mtu aliyechaguliwa na mjomba. Alikuja kuaga tu. Alikuwa na adabu ya kumtisha mtu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akala nusu ya alichopewa, na kila aliposimama aliomba ruhusa. Adelina alimtania, akamwigiza mwendo, lakini Sesilia alitazama pembeni kama aliyeona mtu akijiaibisha. Jioni, Benedikto amekaa kizingitini anapiga msasa mguu wa kiti, yule binti akamgeukia mama yake.

"Mama, nikuulize jambo ambalo huko hatuulizi?"

"Uliza."

"Mjomba anasema ule uso uliuiba kwenye karakana ya mzee Fransis, ukauvaa kuwacheka mababu. Mie nakumbuka baba akiuchonga. Nakumbuka vumbi lake la msufi kwenye nywele zangu. Lakini Gregori anasema naota, na siku hizi nami nadhani naota. Uliiba kweli, mama?"

Filomena alimtazama mumewe. Umbali ulikuwa wa mkono mmoja. Binti yake mwenyewe alikuwa ameuliza, hakuna Romani, hakuna kikao, hakuna mbuzi, mzee Fransis amekwisha kuzikwa. Mkono wa Benedikto ulisimama juu ya mguu wa kiti. Kisha msasa ukaanza tena, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

"Mchana wa jua haoti mtu mwenye akili," Filomena akamwambia mwanawe. "Uliona. Shika ulichokiona."

Lakini Sesilia aliondoka kesho yake akiwa na neno la mama na bila neno la baba, na kwa watu wa kule alikokwenda kuolewa neno la mama ni upepo. Gregori mpaka leo hajaja. Anatuma salamu kwa baba yake.

Kwa hiyo deni lipo, na wadaiwa wanajulikana. Romani anadaiwa Jumapili zote za watoto wale wawili, na hana pa kuzipata, basi na akae nazo shingoni. Mzee Fransis alikufa nalo la kwake. Benedikto yu hai. Ana ulimi, ana miguu, nauli anaijua. Anadaiwa kwenda kusini kwa miguu yake, kusimama mbele ya Romani na Gregori na wakwe wa Sesilia, na kusema kwa sauti ya kusikika: mimi ndiye niliyechonga, mimi ndiye niliyempa. Haimgharimu zaidi ya hapo. Filomena amemwambia hatamkumbusha tena. Anapika, anamwekea chakula chake, na wala hamngojei nacho.